Pombe, Mama na Zahanati

Mazungumzo ya kamati ya afya ya kikundi, Tandala, siku ya kutimiza miaka kumi



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Si mchezo, jamani. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kufa mara tu baada ya mgao wa kwanza. Sanduku letu bado lina kufuli tatu, na wenye funguo bado ni watu watatu wa nyumba tatu. Tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba. Leo kibaba tumekiona kwa macho.

Wenzetu waliotangulia kuzungumza wameeleza habari za hisa, mikopo na miradi. Sisi kamati ya afya tumepewa nafasi hii fupi, na tumeamua kuitumia kwa jambo ambalo wengi wetu hulisemea jikoni tu, tena kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe ni pombe na sisi wanawake. Tunajua wapo watakaouliza: hivi siku ya sherehe ndiyo ya kusema hayo? Tunajibu: ndiyo. Siku ya sherehe ndiyo tuko wote. Hata wale wanaokwepa semina leo wamefika, maana pilau imenukia mpaka barabarani.

Hatukuja kuhubiri. Wahubiri tunao na kazi yao wanaifanya vizuri. Wala hatukuja kumtaja mtu. Tumekuja kusema jambo moja: pombe ikimzidi mwanamke ni tatizo la afya kama presha au kisukari. Linatakiwa liulizwe mapema na litibiwe karibu. Na mahali palipo karibu kuliko pote ni hapa kikundini, hata kabla ya zahanati.

AFYA YA MSINGI NI NINI?

Tukisikia maneno "afya ya msingi" wengi wetu tunafikiria jengo. Tunaona zahanati, nesi, benchi la kusubiria na dirisha la dawa. Jengo ni sehemu tu ya jambo lenyewe.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, redio ikiwa katikati na kijitabu mkononi. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, kifua kikuu na kuhara damu. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Nchi nzima walishiriki watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili. Hawakumsubiri daktari aje kuwachimbia choo.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mataifa yalikutana katika mji wa Alma-Ata, uliokuwa wakati ule katika Muungano wa Kisovieti na ambao sasa unaitwa Almaty, nchini Kazakhstan. Huko walikubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi, na wananchi wenyewe washiriki kuipanga. Wakataja mambo manane ambayo yasikosekane: elimu ya afya, chakula na lishe, maji safi na usafi, afya ya mama na mtoto pamoja na uzazi wa mpango, chanjo, kuzuia magonjwa yaliyozoeleka mahali, tiba ya magonjwa ya kawaida, na dawa muhimu.

Hesabuni wenyewe. Pombe haimo kwa jina. Lakini lile la kwanza, elimu ya afya, walilieleza hivi: kuwaelimisha watu juu ya matatizo ya afya yaliyopo mahali pao, na njia za kuyazuia. Mahali pao! Kila mahali pana tatizo lake, na wa kulijua kwanza ni wale wanaolala nalo na kuamka nalo. Sisi hapa tunalijua letu.

Watu husema kinga ni bora kuliko tiba. Wengi wetu hapa ni Wakinga, kwa hiyo kinga tunayo mpaka katika jina la kabila. Jina tunalo, kazi ndiyo imebaki.

POMBE NA SANDUKU LETU

Tuseme ukweli, maana humu hamna mgeni wa jambo hili. Hisa nyingi zilizoingia katika sanduku hili zimetoka kwenye pombe. Huku kwetu Njombe wapishi wa komoni ni wanawake, na kwenye vilabu vya ulanzi wauzaji wengi ni wanawake. Pombe imenunua sare za shule, madaftari na sabuni, imeezeka bati, na imelipa hospitali. Anayemcheka mpika pombe achunguze kwanza alivyosomeshwa yeye.

Kwa nini pombe? Kwa sababu hela yake ni ya haraka. Mama wa komoni anaanza na mahindi na kimea cha ulezi. Siku chache zikipita ana hela mkononi. Mama wa viazi anangoja miezi mitatu hadi minne, huku akiomba jalidi isishuke na ugonjwa wa majani usiingie. Akishavuna anakutana na lumbesa. Mama wa pareto anangoja mnunuzi. Mwenye miti ya mbao anangoja miaka.

Sasa tazameni marejesho ya mikopo yetu. Ni ya kila mwezi. Nani anaweza kurejesha kila mwezi bila kuhangaika? Mpika pombe. Kwa hiyo mama aliyekopa kwa ajili ya mbolea ya viazi, mwezi wa pili unamkuta na pipa jikoni anachemsha komoni, ili asiaibike mbele ya kikundi. Yeye hakupanga kupika pombe. Tarehe ya marejesho ndiyo iliyompangia.

Na mpika pombe huonja. Anaonja wakati wa kuchanganya, anaonja wakati wa kuchuja, na kwa desturi yetu anaonja tena mbele ya mteja, ili mteja aone kwamba hakuna ubaya ndani ya kikombe. Ile inayobaki jioni itachachuka kupita kiasi, kwa hiyo inanywewa isipotee. Wateja wengine wanakunywa kwa deni. Ukifunga hesabu, sehemu ya faida iko kwenye daftari la madeni na sehemu nyingine iko tumboni. Wengi walioingia katika ulevi hawakuingilia kwenye kilabu. Waliingilia jikoni kwao, wakiwa kazini.

Hatusemi mama aache kupika kesho asubuhi. Anayesema hivyo aje kwanza na kitu cha kuweka mahali pake. Tunachosema ni kwamba kikundi kinachokula matunda ya pombe hakiwezi kunawa mikono pombe inapomdhuru mwanachama wake.

MWILI WA MAMA NA KIPIMO

Hebu tuingie katika mwili wenyewe. Mwanamke na mwanaume wa uzito mmoja wakinywa kiasi kilekile, pombe huwa nyingi zaidi katika damu ya mwanamke. Sababu ni maumbile. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume, na pombe hukaa kwenye maji ya mwili. Ni kama kijiko cha chumvi: ukikitia kwenye sufuria ndogo, mchuzi unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana ini la mwanamke mnywaji huwahi kuharibika, kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi.

Wahudumu wa afya wana kipimo chao, nacho ni gramu 10 za kilevi chenyewe. Tukikichukua tukapimie vinywaji vyetu tunapata hivi:

Ulanzi mkangafu, tuseme wenye nguvu ya asilimia 5: nusu lita ni vipimo viwili. Lita moja ni vipimo vinne.

Bia ya asilimia 5, chupa ya mililita 500: vipimo viwili.

Pombe kali ya dukani ya asilimia 40: mililita 100 tu zinapita vipimo vitatu.

Gongo: hakuna anayejua nguvu yake, hata aliyeipika. Tena sheria inaikataza.

Kwa hiyo mama akisema, "Aa, jana nilikunywa lita mbili tu za ulanzi," amekunywa vipimo vinane. Neno "tu" halipunguzi kitu.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Tena tangu mwaka 1988 wataalamu wa shirika hilo wa utafiti wa saratani wameiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Miongoni mwake imo saratani ya matiti, ambayo wengi wetu tumeisikia lakini hatukuwahi kuihusisha na kikombe.

Ipo sababu moja inayopendwa sana huku Makete, nayo ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukitanda, watu husema pombe inapasha moto. Ukweli ni kinyume. Pombe hufungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, ukahisi joto usoni na mikononi. Lakini joto hilo linatoka mwilini linakwenda nje. Ndani unazidi kupoa. Anayelala njiani usiku wa Julai akiwa amelewa yuko katika hatari ya kufa kwa baridi huku akijiona ana joto. Uji wa moto na sweta vinafanya kazi ile pombe inayojisifu kuifanya.

MIMBA, MAZIWA NA WATOTO

Mama mjamzito akinywa, mtoto tumboni naye anakunywa. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma, na ini la mtoto bado ni changa, haliwezi kuisafisha. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au akakua akiwa mzito wa kujifunza, asiyetulia darasani, anayesahau upesi. Mwalimu anaweza kumwita mtukutu kumbe aliumizwa kabla ya kuzaliwa. Madhara haya hayana dawa ya kuyafuta, lakini yanazuilika kabisa. Mama mjamzito asinywe, hata kidogo, hata miezi ya mwanzo. Na kama alikunywa kabla hajajua ana mimba, asikate tamaa wala asifiche kliniki. Aache siku ile na amweleze nesi.

Yapo mazungumzo kwamba pombe ya kienyeji inaongeza maziwa. Pombe huingia kwenye maziwa karibu kwa kiwango kilekile kilichoko kwenye damu ya mama, na huyazuia maziwa kutoka vizuri. Kinachomsaidia mama ni kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, chakula cha kutosha, maji na mapumziko. Kama ni ulezi, upikwe uji.

Vilevile kuna ulanzi mtogwa, ule mtamu wa siku hiyohiyo, ambao baadhi yetu huwapa watoto tukisema bado ni juisi. Ulanzi hausubiri. Unaanza kuchachuka tangu unapodondoka kwenye mbeta, na kufika jioni si ule wa asubuhi. Mtoto hana haja nao. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Mtoto anayetumwa kilabuni na kibuyu kila jioni anajifunza njia.

Mkoa wetu ni wa chakula. Mahindi, viazi, maharage, njegere, maziwa, matofaa na maparachichi vyote vinatoka huku. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 50 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na hatutaitwika pombe peke yake mzigo wote. Lakini kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo mama anashinda kilabuni kuanzia saa sita, na mtoto anakula mara moja, jioni, kiporo cha ugali. Chakula kipo ghalani, ila hakuna aliye na nafasi wala nguvu ya kukipika.

DAWA ZETU NA POMBE

Mkoa wa Njombe umebeba mzigo mkubwa wa virusi vya UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 uliwakuta watu wazima 12.7 katika kila 100 wakiishi na virusi, wakati kwa Tanzania nzima ni 4.4. Makete yetu iliwazika watu wengi, na wapo kati yetu waliolea wajukuu bila wazazi. Leo dawa zipo, na mwenye kuzimeza kila siku anaishi, analima, anazaa mtoto asiye na virusi.

Pombe inaingia hapo kwa njia mbili. Ya kwanza, inamfanya mtu asahau kujikinga, au ashindwe kusema hapana, au asiulizwe kabisa kama anataka. Ya pili, inamsahaulisha dawa. Na hapa tunaomba msikilize vizuri, maana kuna kosa linalofanyika: mtu amekunywa, anaogopa kuchanganya, anaamua kuruka dozi ya siku hiyo. Usiruke dozi. Dawa za virusi zimezwe hata kama umekunywa, kisha uende ukaongee na mhudumu wa kliniki juu ya unywaji. Kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, pombe na dawa vinaliumiza ini kwa pamoja. Huyo aache pombe muda wote wa matibabu, na akiona macho ya njano au mkojo mweusi arudi hospitali mara moja.

AIBU

Mwanaume akilewa huimba njiani, na watoto wanamcheka, na kesho yake anaitwa mzee. Mwanamke akilewa anaitwa jina ambalo hatutaliandika katika kijitabu hiki. Kwa sababu hiyo mwanamke anajificha. Anakunywa nyumbani mlango umefungwa. Anatafuna majani ili asinuke. Anaacha kuja kikundini, kwanza mara moja, halafu mara mbili. Hisa zinasimama. Tunamtoza faini ya utoro, analipa mara moja, kisha haonekani tena. Faini inalinda mkutano wetu na ni lazima iwepo, lakini faini haijamponya mtu. Mama wa namna hii anafika hospitali wakati tumbo limeshavimba maji, na ndugu wanaambiana amerogwa.

Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaongeza kwamba mara nyingi mgonjwa hafichi kwa kupenda. Anaficha kwa sababu ya midomo yetu. Mpaka midomo ibadilike, zahanati itaendelea kumpokea mgonjwa akiwa amechelewa.

Tuseme pia kwamba wapo wanaokunywa kwa sababu ya kilichoko nyumbani: kipigo, msiba, ukiwa, mume aliyekwenda kutafuta mjini asirudi. Kumwambia huyo "acha pombe" bila kumuuliza "una nini?" ni kuziba jipu bila kulikamua. Na kama ni kipigo, polisi wapo na Dawati la Jinsia na Watoto. Tumsindikize. Asiende peke yake.

TUNAYOPENDEKEZA

Ndugu wanachama, maneno matupu hayajazi sanduku. Kamati inaleta mapendekezo manne, na tunaomba yajadiliwe katika mkutano mkuu.

1. Walezi wawili na maswali machache. Tuchague akina mama wawili wenye siri, wasio na makuu. Kila baada ya miezi sita wazungumze na kila mwanachama, mmoja mmoja, kama tunavyopimana presha. Maswali ni haya: Unakunywa mara ngapi kwa juma? Siku ukinywa, unakunywa kiasi gani? Ni mara ngapi unafikia lita moja na nusu au zaidi kwa mara moja? Je, kuna asubuhi unashindwa kuanza kazi mpaka unywe kwanza? Maswali haya tumeyatoa katika yale kumi ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuyatoa mwaka 1989 kwa ajili ya vituo vya afya vya ngazi ya chini. Majibu yasiandikwe kwenye daftari la kikundi. Yabaki kati ya watu wawili. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba kwa mtu ambaye pombe haijamshika kabisa, hata mazungumzo ya dakika tano hadi kumi, yasiyo na matusi, yanamsaidia kupunguza.

2. Kusindikizana kwenda kwenye matibabu. Yule ambaye pombe imeshamshika asiachwe aache peke yake ghafla. Anayekunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, na wapo wanaokufa. Huyo apelekwe zahanati, na zahanati ikiona inafaa imwandikie rufaa. Makete tuna bahati: tuna Hospitali ya Ikonda na Hospitali ya Bulongwa. Nauli na gharama za mwanzo zitoke kwenye mfuko wa jamii, ule tunaochangia kwa ajili ya misiba na magonjwa. Tumezoea kuufungua mtu akishakufa. Tuufungue angali hai.

Hapo tutazame na bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi tulisema ni nyingi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tupige hesabu ndogo: anayenunua pombe ya shilingi 2,000 kwa juma anatumia shilingi 104,000 kwa mwaka. Hatumlazimishi mtu. Tunahesabu tu.

3. Marejesho yafuate mazao. Mkopo wa viazi urejeshwe baada ya kuuza viazi, na riba ndogo tu ilipwe katikati. Mkopo wa pareto na wa maharage vivyo hivyo. Biashara za kila siku ziendelee na marejesho ya kila mwezi. Aidha, mpika pombe anayetaka kubadili kazi, iwe kufuga kuku, kuuza maziwa, kushona au kupanda mboga, apewe nafasi ya mbele kwenye mikopo na miezi mitatu ya kupumua kabla ya kuanza kurejesha. Na anayeendelea kupika tunamwomba mambo matatu: asiuzie watoto, asiuzie wajawazito, na afunge mapema.

4. Siku ya mgao. Siku hiyo kila mmoja anaondoka na hela ambazo hajawahi kuzishika kwa mwaka mzima. Tugawane asubuhi na tumalize asubuhi. Mwenye mpango wa kununua bati au mbolea alipie siku hiyohiyo, kwa pamoja. Sherehe ya mgao iwe na chai, soda na togwa. Mgao wa mwaka mzima usiishie kilabuni jioni moja.

KWENU AKINA BABA NA MARAFIKI WA KIKUNDI

Akina baba, msidhani tumewasahau. Hatuwezi kuzungumza habari za mama anayekunywa kana kwamba nyumba haina baba anayekunywa. Mke akikueleza kwamba anataka kuacha, usimletee chupa jioni ati kumpima. Akienda kliniki, mpe nauli, na ikiwezekana nenda naye. Na anayefikiri kwamba mapendekezo haya ni ya wanawake tu, maswali yetu manne yanamfaa na yeye, lita kwa lita.

Marafiki wa kikundi, ninyi wenye mashamba, wenye maduka, walimu na viongozi, tuna ombi moja mahususi. Ile desturi ya kulimisha kwa pombe, ambapo watu wanalima kutwa na malipo ni pombe jioni, tuiache. Mama aliyelima tangu asubuhi alipwe hela au mahindi. Pombe haiwezi kununuliwa hisa wala kupikiwa mtoto. Tena mwisho wa kazi hiyo ndio mahali ambapo wasichana wengi huonja pombe kwa mara ya kwanza.

Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, wengi tulishangilia, na ilikuwa sawa kushangilia. Viroba vikaondoka. Kiu haikuondoka. Sheria inaweza kuondoa mfuko wa plastiki dukani, lakini haiwezi kumuuliza jirani yako asubuhi, "Mwenzangu, u hali gani?" Kazi hiyo ni yetu, na haihitaji mfadhili.

Ndugu Mwenyekiti, tunamaliza. Miaka kumi tumejifunza kuhesabu hela za kila mtu bila kumdharau mwenye hisa moja. Tunaweza kujifunza kuulizana afya kwa adabu ileile. Miaka kumi ijayo tusiridhike kwa kuhesabu hela zilizomo sandukuni tu. Tuwahesabu na wanachama wenyewe, tuone kama wapo wote.

Walezi wawili watachaguliwa mkutano ujao. Kila anayejiona anafaa, au anayemjua anayefaa, apeleke jina kwa katibu leo, kabla ya chakula. Baada ya chakula tunawajua, hamtaonekana.